Neno la Mwosha Juu ya Nguo ya Ghala

Siku ya Jumatatu, mwezi kumi na tisa Mfunguo Saba, mwaka wa elfu moja mia tatu na kumi na mmoja wa Hijra ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, saa tatu ya asubuhi. Nimeitanguliza siku ya kisa hiki kwa sababu wengi wameikosea. Waliokuwapo walikubaliana kwamba ilikuwa siku ya mizani, yaani ya kupima mali ghalani, na siku ya mizani katika mji wa Ndongoni ilikuwa Jumatatu. Walikubaliana tena kwamba ilikuwa Jumatatu ya sita tangu Maulidi kusomwa. Ama saa, nimeishika kauli ya mwadhini wa zama zile, aliyesema kwamba alikuwa ametoka kusali Dhuha, na kivuli cha mlingoti wa bendera kilikuwa kimegusa kizingiti cha ghala. Mwenye hesabu nyingine na ailete.

Imepokewa kwa watu waaminifu kwamba katika mji huo wa Mrima aliishi mwanamke mcha Mungu, Bi Mwanatumu binti Zahoro, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaosha maiti wa kike na kuwavika sanda. Hakupokea ujira kwa kazi hiyo. Riziki yake aliipata kwa kusuka mikeka, na aliyemsaidia kwa kitoweo na mafuta ya taa ni Mwinchande bin Kibwana, mtoto wa kaka yake, ambaye bibi alimlea tangu angali mchanga.

Kazi ile Bi Mwanatumu aliirithi kwa mama yake, na pamoja nayo alirithi wasia mmoja: mwosha ana macho akiwa nyuma ya pazia, na akitoka nje hana. Aibu ya mwili wa maiti, ugonjwa wake, jeraha lake, chochote kilichomtoka au kumpata wakati wa kuoshwa, hiyo ni amana baina ya mwosha na Mola wake. Akiitoa, hata kwa neno moja, amemvua maiti nguo mbele za watu. Wanawake wa mji walimpenda kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote. Walisema, "Tukifa, tutafia mikononi mwa mtu asiye na mdomo."

Mji ule uliishi kwa sandarusi. Watu wa bara walichimba mashimo porini na kuitoa ardhini ile gundi ya miti iliyokufa zamani zisizokumbukwa na mtu. Wakaisugua kwa maji ya majivu mpaka ikang'aa kama asali, wakaileta mjini kwa vikapu. Mnunuzi alikuwa Mzungu mmoja mwenye ghala, ambaye watu walimwita Bwana Miwani. Yeye aliipeleka Ulaya, na husemwa kwamba huko hupakwa juu ya magari ya farasi na viti vya wakubwa ili ving'ae. Malipo yake yalikuwa nguo, merikani nyeupe, kwa majora.

Uani mwa ghala palikuwa na beseni kubwa la shaba lenye maji. Kila punje ya sandarusi iliyoonekana kuwa na mchanga ilirudishwa kwa mwenyewe, akaiosha upya pale pale kabla ya kuitia mizanini. Lakini nguo hakuna aliyeruhusiwa kuitia maji. Sharti la ghala lilikuwa hili: nguo iliyoloweshwa imenunuliwa.

Na kwa kuwa watu wa bara hawakuwa na njia ya kuijaribu nguo, palikuwa na ada ya zamani, iliyokuwapo kabla Wazungu hawajapandisha bendera. Robota za nguo za mwaka zikifunguliwa, mwosha wa mji huitwa uani. Huweka mkono wake juu ya nguo, akasema mbele ya watu wote, "Hii yatosha sanda." Basi. Baada ya neno hilo watu wa bara huchukua majora yao wakaenda zao bila kuuliza tena, kwani waliamini kwamba asiyemdhulumu maiti hawezi kumdhulumu aliye hai. Ada ile ilikuwa na upande wa pili, nao ulikuwa wa haki vilevile: mwosha akisema nguo haitoshi, lazima atoe sababu hadharani, ili mfanyabiashara asiharibiwe riziki kwa fitina.

Mwaka ule, kabla ya robota kufunguliwa, homa mbaya iliingia Ndongoni. Wanawake wengi walifariki katika siku chache, na madukani nguo nyeupe ikaisha. Mwinchande, aliyekuwa dalali wa ghala, akatoa jora moja katika shehena mpya, na sanda za marehemu wale zote zikakatwa humo. Miongoni mwao alikuwamo mke wake mwenyewe, aliyemwachia watoto wadogo. Wanawake waliozoea kumsaidia Bi Mwanatumu kazi walikuwa wamelala kwa homa. Aliwaosha maiti wote peke yake.

Yaliyotokea nyuma ya pazia katika siku zile hatuyajui, wala haifai tuyajue. Lililoonekana ni kwamba homa ilipopungua, bibi yule alipunguza maneno, akawa anakaa na ukili mapajani bila kusuka.

Siku moja kabla ya mizani, baada ya sala ya alasiri, Mwinchande alimwendea shangazi yake akiwa na kitoweo cha papa mkavu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Leo umekuja na papa mzima. Nani anaoa?"

Mwinchande akacheka kidogo, kisha akaketi kizingitini. "Kesho tunafungua robota. Utaletewa kiti, usisimame juani. Ni maneno matatu tu, shangazi, halafu unarudi kwenye mikeka yako. Hii yatosha sanda."

"Na nikisema mawili?"

"Ukisema mawili, utaulizwa la tatu. Kwa nini."

Bi Mwanatumu akauchukua ukili wake, akasuka njia moja, akasita. "Mwinchande, neno hili nalisema kila mwaka, na hapana mwaka uliokuja kuniomba niliseme. Mbona mwaka huu unaniomba?"

Kijana yule aliangalia mikono yake. "Nyumba ninayolala ni ya ghala," akasema. "Watoto wamefiwa na mama yao juzi. Usiwaondolee na dari."

"Umeiona nguo hiyo ikiwa maji?"

"Mimi ni dalali, shangazi. Naiona ikiwa kavu, na naiuza ikiwa kavu."

Akaaga akaondoka. Na papa yule, wasimulizi wanasema, bibi alimpa jirani.

Hapa ndipo ulipokuwa mtihani wake, enyi ndugu zangu, na msomaji na auangalie vizuri, kwa maana haukuwa mtihani wa mtu asiyeijua kweli. Bi Mwanatumu aliijua. Lakini alikuwa ameijua mahali ambapo hana ruhusa ya kutoa kitu. Akisema nguo yatosha, atakuwa amewadanganya watu waliochimba ardhi mwaka mzima. Akisema haitoshi, ataulizwa ameiona wapi ikishindwa, na kila mtu alijua kwamba jora lile halikukatwa ila kwa maiti. Jibu lolote lingewapeleka watu moja kwa moja mpaka nyuma ya pazia, na kila mwenye kufiwa angelala akijiuliza kama ni mama yake, au binti yake, aliyepatwa na jambo sanda ikalowa. Akibaki nyumbani asiende, watahesabu kwamba kimya chake ni idhini. Tena palikuwa na wale watoto na dari yao. Inasemekana aliupitisha muda wa baina ya Magharibi na Isha akiwa kwenye mswala, na dua yake ilisikiwa na jirani kwa kuwa ilikuwa moja tu, akiirudia: "Ya Rabbi, nipe njia isiyopita juu ya mtu."

Asubuhi akaenda.

Watu wa bara walikuwa wamejaa uani, vikapu vyao vimepangwa mbele ya mizani. Kiongozi wao alikuwa Mlamba, mzee mwembamba mwenye maneno. Walikuwa wameshaosha sandarusi yao mara ya pili kwa amri ya ghala, na mikono yao ilikuwa imechubuka kwa majivu. Mlamba alipomwona Bi Mwanatumu aliondoa kilemba chake kwa heshima. "Karibu, mama yetu. Utupe neno twende. Hapa tumeosha mpaka tunaogopa tutaoshwa na sisi."

"Zamu yenu bado, baba," akasema Bi Mwanatumu. "Na wewe si wa kwangu, una waoshaji wako." Watu wakacheka.

Bwana Miwani akatoka ghalani. Alikuwa mtu mpole wa sauti, na Kiswahili alikijua cha kutosha biashara. Akaamuru jora lifunguliwe juu ya meza. Nguo ilikuwa nzuri ya kutazama: nzito, nyeupe, ngumu kama karatasi, yenye mhuri wa buluu penye pindo. Kisha akamwashiria Mwinchande, na Mwinchande akaleta kipande kilichokunjwa vizuri, kimefungwa kwa uzi mwekundu.

"Bwana anakupa hii, shangazi," akasema bila kumtazama usoni. "Zawadi. Itoshe sanda yako siku yako ikifika, Mungu aiweke mbali."

Watu wote walijua kwamba katika umri wake Bi Mwanatumu hakuwahi kupokea zawadi ya ghala, hata kipande cha pindo. Na wote walijua kwamba sanda alikuwa nayo: merikani ya kale iliyofumwa kwa kubana, ambayo marehemu mumewe aliitia katika maji ya Zamzam alipokwenda kuhiji, na ambayo aliihifadhi sandukuni pamoja na karafuu maiti.

"Ana sanda huyu," akasema mtu mmoja.

"Nilikuwa nayo," akasema Bi Mwanatumu. "Imepata mwenye haja nayo zaidi kuliko mimi."

Akanyoosha mikono miwili akaipokea ile zawadi. Manung'uniko yakapita kwa watu. Mlamba akakirudisha kilemba chake kichwani, akasema na wenzake kwa sauti ya chini lakini ya kusikika, "Basi. Hata huyu." Na uso wa Mwinchande ukatulia kama wa mtu aliyetuliwa mzigo.

Bibi akafungua uzi mwekundu. "Mwinchande, hii ni yangu?"

"Ni yako, shangazi."

"Bwana, ni yangu?"

Bwana Miwani akatabasamu. "Yako, mama. Nimekupa."

"Enyi watu, mmesikia kwamba ni yangu, na nguo iliyo yangu nina ruhusa nayo?"

Wakasema wamesikia.

Akapiga hatua mpaka kwenye beseni la kuoshea sandarusi, akasema Bismillahi, akaizamisha nguo yake majini. Aliifikicha polepole, kwa namna ile ile anayoifikicha mwosha nguo ya kumsugulia maiti, bila nguvu, bila hasira. Maji yakageuka rangi. Yakawa meupe, kisha mazito, mpaka mtu angedhani ni tui la nazi. Na chini ya beseni pakakaa tope la chokaa na uwanga. Bi Mwanatumu akaitoa nguo, akaikamua, akaikunjua baina ya mikono yake miwili akaiinua kulielekea jua. Haikuwa nguo tena. Ilikuwa wavu. Nyuzi zake zilikuwa zimeachana, na nyuma yake Mwinchande alikuwa amesimama, akionekana mzima, kope na ndevu.

"Naiona sura yako, mwanangu," akasema. "Nami nitakuwa ndani ya hii nikizikwa."

Akageuka kwa watu wa bara. "Ada yasema nitoe sababu. Sababu ni hii mikononi mwangu. Nguo hii ni yangu, aibu yake ni yangu, na maiti yake ni mimi. Haitoshi sanda."

Mlamba akaja mpaka kwenye beseni. Akachovya kidole katika tope, akalisugua baina ya kidole na gumba. "Sisi tumerudishwa kwa chembe ya mchanga," akasema, "na hapa tulikuwa tunachukua udongo uliofumwa." Akamgeukia bibi. "Nisamehe, mama. Nilikusema vibaya sasa hivi."

"Ulinisema ulivyoniona. Chukueni vikapu vyenu."

Wakavichukua. Njia ya kwenda bandari nyingine ilikuwa ndefu, na wengine walikuwa wamekwisha choka, lakini hapana aliyeacha chake.

Bwana Miwani alibaki mezani. Inasimuliwa kwamba hakupaza sauti. Alisema, "Nguo zote zinazotoka Ulaya zina uwanga, mama. Ungeniuliza ningekuambia."

"Najua, Bwana. Hata kanzu ya imamu hutiwa uwanga. Lakini uwanga hukaa ndani ya nguo. Yako, nguo ndiyo iliyokaa ndani ya uwanga."

"Nani alikuambia?"

"Nimewaonyesha watu maji, nawe umeyaona. Usinitake zaidi."

Kabla ya adhuhuri Mwinchande alikuwa hana kazi, na kabla ya jua kuchwa alikuwa hana nyumba. Alikuja kwa shangazi yake akiwaongoza watoto wake, na godoro limeviringishwa begani. Bibi aliwapisha kitanda chake watoto, akatandika mkeka, akapika uji. Walipokula wakanyamaza, Mwinchande alisema lile neno ambalo, kwa maoni yangu, lilikuwa mtihani mkubwa kuliko ule wa uani.

"Shangazi, kazi imekwenda. Nyumba imekwenda. Sikulaumu, nguo ile niliijua. Niliijua tangu kona ya robota ilipolowa pwani, nikanyamaza kwa ajili ya hawa." Akaonyesha watoto. "Lakini jora lile la msiba nililitoa mimi. Nililikata kwa mkono wangu. Sanda yako ya Zamzam, shangazi, umempa nani?"

Bibi akakusanya vibakuli vya uji.

"Alikuwa mama yao? Niambie hilo tu. Kama nilimvika mke wangu nguo ile nikijua ilivyo, ni haki yangu nijue."

Wanaosimulia wanasema bibi yule alilia, naye hakuwa mtu wa kulia. Mbele yake palikuwa na mtoto aliyemlea, na neno moja lingetosha kumpumzisha, liwe la ndiyo au la siyo. Angesema, "La, si yeye," Mwinchande angelala. Na huenda ndiyo ilikuwa kweli, hatujui. Lakini alijua kwamba akisema si huyu leo, kesho atakuja mwingine kuuliza, na kesho kutwa mwingine, mpaka abaki mmoja asiyejibiwa, na huyo mmoja atakuwa amevuliwa nguo mbele ya mji mzima.

Akasema, "Mwanangu, wote niliowaosha walikwenda kwa Mola wao wamesitirika. Wote. Mkeo ni mmoja wao. Zaidi ya hilo si langu kukupa."

"Nitaishije bila kujua?"

"Utatubu kana kwamba ndiye. Utamshukuru Mungu kana kwamba siye. Na utakaa hapa, nikufundishe kusuka ukili, maana mikono yako ni laini mno kwa mtu asiye dalali."

Akakaa. Alisuka mikeka pamoja na shangazi yake, na watu wanaomkumbuka wanasema hakurudi ghalani hata alipoitwa. Ama Bwana Miwani, msimu wa pili aliagiza nguo nyingine. Bi Mwanatumu aliitwa uani kama ilivyo ada. Akaiweka majini kwanza, kwani tangu siku ile ghala liliruhusu kipande kimoja cha kila shehena kiloweshwe. Ilikuwa nguo njema. Akaweka mkono juu yake akasema neno lake la kila mwaka, na hakulisema kwa ulimi mzito.

Tujifunze basi, wapenzi katika imani, kwamba kusema kweli ni ibada, na kuhifadhi amana ni ibada, na Mola humjaribu mja wake pale zinapokutana mlango mmoja. Mwenye pupa huitupa moja ili aipitishe nyingine, akajiona ameshinda. Mwenye subira husimama, akaomba, mpaka apate njia ya kuzipitisha zote mbili. Na mara nyingi njia hiyo hupita juu ya mali yake mwenyewe, jina lake mwenyewe, na watu wake mwenyewe. Mwenyezi Mungu atujaalie kusitiri kama tunavyotaka kusitiriwa.

Yamebaki mambo ya kusahihisha, kwa kuwa kisa hiki kimetembea sana na kila mkono umekiongeza kitu.

Wapo wanaosema ilikuwa Ijumaa baada ya sala. Haikuwa Ijumaa, siku ya Ijumaa mizani ya Ndongoni ilifunikwa kwa turubai, na hata Bwana Miwani aliliheshimu hilo.

Wapo wanaosema ilikuwa karama, kwamba bibi aliisomea nguo dua ikayeyuka hewani. Dua aliomba nyumbani kwake, nayo ilikuwa ya njia. Nguo iliyeyuka kwa sababu ya maji, na ingeyeyuka vilevile mkononi mwa kafiri au mlevi. Tusimpunguzie bibi yule ujasiri wake kwa kumpa muujiza asiouhitaji.

Wapo wanaosema aliwachukia Wazungu. Aliyesema neno lake juu ya nguo yao msimu wa pili hakuwa na chuki. Alikuwa na kipimo.

Na wapo, nao ni wengi, wanaosema kwamba maiti aliyevikwa sanda ya Zamzam alikuwa mke wa Mwinchande. Wanaeleza mpaka rangi ya pazia, na jinsi bibi alivyotoka, na alivyorudi, na alichokiona. Nimewauliza mmoja mmoja, wameijuaje habari hiyo, na kila mmoja amenitaja mwenzake. Hapana hata mmoja wao aliyekuwamo mle ndani. Aliyekuwamo, akiwa hai, alikuwa mtu mmoja tu, naye hakusema.